Kalenda Juu ya Tundu

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, halizidi kisosi cha chai. Lilikuwa juu kwenye ukuta wa jikoni, karibu na dari, limewekewa wavu wa chuma, na upepo ukivuma lilipiga mluzi. Mimi ndiye niliyeliziba. Nasema mapema ili mtu asihangaike kutafuta wa kumlaumu, maana najua watu wakisikia habari za mwalimu mgeni na nyumba ya kupanga, mara moja wanamgeukia mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la kijivu na maneno ya kuhesabu. Alinikabidhi funguo tatu, akanionyesha hita ya gesi iliyotundikwa ukutani juu ya sinki, akasema, "Ukifungua maji ya moto inajiwasha. Ukifunga inajizima. Usiichokonoe." Kisha akashuka ngazi zake taratibu, akaenda zake.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Mkataba wa kufundisha nje niliupata baada ya miaka kumi ya kumeza vumbi la chaki kwetu, na nilipoupata nilivimba kichwa, sifichi. Wanafunzi wangu wote, wa kwetu na wa huku, wananijua kwa sentensi moja: soma maelekezo kwanza. Nimewahi kumkata mtoto alama kumi kwa kujibu maswali sita alipoambiwa matano. Sasa kando ya lile tundu palikuwa na karatasi imebandikwa ukutani, maandishi yamefifia lakini yanasomeka kwa mtu mwenye nia. Niliibandua kwa kisu cha mezani ili utepe wa gundi ushike vizuri. Sikusoma hata mstari mmoja.

Nilifanya hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi wa kwanza nilikaa peke yangu. Binti yangu, mwenye mwaka mmoja na nusu, nilimwacha kwa mama yangu hadi nipate pa kuishi, na baba yake alibaki na kazi yake, tukakubaliana atatufuata. Jioni nikirudi kutoka shuleni naikuta nyumba imepoa hadi sahani zinauma vidoleni. Nikawa najiuliza mtoto ataishije humu. Kwa hiyo kila Jumamosi nilifanya jambo moja. Nilishona mapazia mazito, kwa mkono, nikajidunga sindano hadi nikatukana. Nilipitisha utepe kwenye kingo za madirisha yote isipokuwa mawili ya kufungua. Nilikunja taulo kuukuu, nikaliweka chini ya mlango wa mbele, upepo wa ngazini usipite.

Tundu lilikuwa la mwisho. Nilipanda juu ya kiti, nikasokomeza magazeti mawili na soksi moja iliyopoteza mwenzake, nikafunika kwa kipande cha boksi la karatasi za mtihani, nikapiga utepe pande zote nne. Mluzi ukakoma. Nilisimama katikati ya jiko nikausikiliza ule ukimya, nikafurahi kwelikweli. Kile kipande cha boksi kilichukiza macho, basi nikatundika juu yake kalenda ya shule yenye picha ya jengo la utawala. Ukiingia usingejua kama pamewahi kuwa na tundu.

Sasa nimweleze mama yangu. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita, na shule hiyo hiyo ndiyo niliyosoma mimi. Alipikia watoto mia nne kwa kuni, kwenye banda lenye paa na nguzo, kuta hakuna. Moshi uliingia kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, kwenye madaftari yangu. Darasani waliniita Mtoto wa Moshi. Nilipoapa kwamba nitasoma piga ua, nusu ya kiapo changu ilikuwa ni kupata nyumba yangu mwenyewe, safi, inayofungwa ikafungika, isiyopenywa na kitu. Mama hakuwahi kujua hilo. Au alijua akanistahi.

Alifika na mtoto mgongoni na begi moja. Alivua viatu, akatembea chumba kwa chumba kimya kimya, nami nyuma yake nikisubiri kusifiwa. Alipofika jikoni akasimama.

"Hewa ya jiko hili inapita wapi?"

"Mama, karibu kwanza."

"Nimeshakaribia. Inapita wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia huku watu hawapiki kwa kuni, hakuna moshi wa kutoa. Akaitazama hita, akaitazama kalenda, akasema kalenda ni nzuri, akaomba kalamu. Tangu siku hiyo kila asubuhi alipanda kiti, akakata tarehe moja kwa mstari mnyoofu. Alikuwa ameniahidi miezi sita, wala siku moja zaidi, na alikuwa mtu wa kutimiza.

Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa matamu. Nikitoka kazini nasikia kelele zao tangu ngazi ya kwanza. Mama alimwita mjukuu wake mke mwenzangu, na ugomvi wao ulikuwa hauishi. "Mke mwenzangu huyu hana haya," ananishtakia nikiwa hata koti sijavua. "Kala chakula chake, kala changu, halafu kanimwagia maji. Marehemu mume wetu angekuwepo angempa talaka leo hii." Mtoto anacheka hadi anakaa chini. Nyumba ilikuwa na joto, vioo vya madirisha vimejaa mvuke, harufu ya sabuni kila mahali. Kitu pekee ambacho Mama alikipenda huku ugenini ni yale maji ya moto yanayotoka ukutani. Alifua kwa mkono, saa nzima, saa mbili, bomba likitiririka na hita ikinguruma juu ya kichwa chake. "Miaka yote nimechemsha maji kwa kupuliza moto," alisema. "Acha nami nistarehe."

Juma la tatu kichwa kilianza kumgonga. Nikamwambia ni ubaridi. Nikampima presha kwa kifaa cha muuguzi wa shule, presha iko sawa. Nikamnunulia vidonge. Mimi mwenyewe nilianza kuamka na kichwa kizito na mdomo mchungu, nikifika shuleni kufikia kipindi cha pili nimeshapona, nikasema ni mawazo ya kazi. Mwalimu wa historia, mgeni kama mimi ila mwenye miaka minane huku, alinicheka. "Wageni wote huumwa kichwa mwaka wa kwanza," alisema. "Ni hali ya hewa. Utazoea tu." Nikarudi nyumbani na habari hiyo kana kwamba ni dawa.

Mtoto naye akawa mtulivu. Alikuwa mtoto wa kupanda viti na kuvuta mapazia, sasa analala asubuhi, analala mchana, ukimwamsha analalamika kidogo kisha anaegemea bega lako. Nilimpigia simu baba yake, nikajisifu. "Mwanao ameshika adabu," nikamwambia. "Huku hatusumbui kabisa." Akafurahi. Tulifurahi wote wawili, kila mmoja na simu yake sikioni, na mtoto yupo mapajani mwangu amelala saa kumi ya jioni.

Mama hakufurahi. Alikuwa na desturi ya kukaa kwenye kigoda akiitazama hita kupitia kile kidirisha chake kidogo cha kioo, kama alivyokuwa akiyatazama mafiga yake. Siku moja nilimkuta hivyo, kidevu mkononi.

"Huu moto umebadilika," alisema.

"Umebadilikaje?"

"Nilipofika ulikuwa wa buluu. Sasa una manjano. Na ukuta pale juu, hebu ona, umeanza kuwa mweusi. Moto wa manjano una njaa, mwanangu."

Na mimi nikamjibu, kwa sauti ile ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono bila kuwa na jibu, "Mama, mwalimu wa kemia ni mimi."

Alinitazama kidogo, akainuka, akafuta ule weusi kwa kitambaa. Kesho yake ulirudi. Nataka mtu anielewe hapa. Juma lilelile nilikuwa nimesimama maabara mbele ya kidato cha tatu na taa ya gesi mkononi, nikifungua na kufunga tundu la hewa lililo chini yake, nikiwaonyesha: hewa ikitosha, moto wa buluu, hewa ikipungua, moto wa manjano na masizi. Waliandika. Niliwakagulia madaftari nikawawekea vema. Kisha nikaenda nyumbani kumwambia mpishi wa miaka ishirini na sita kwamba hajui moto.

Jumapili tulikuwa tukienda bustani ya wazi iliyo mwisho wa mtaa. Tukifika pale, baada ya nusu saa, Mama anarudi kuwa Mama. Anasimulia, anasengenya wapita njia, mtoto anakimbiza ndege. Tukirudi, jioni yake kichwa kinarudi. Jumapili ya tano alikaa kwenye benchi akanishika mkono.

"Nyumba ile haitutaki," alisema.

"Mama, jamani."

"Sijasema uchawi. Usinikunjie uso. Nasema haitutaki. Hapa kichwa siumwi. Umeona mtoto?"

"Umepata hewa, umechangamka. Ndiyo maana."

Nilisema jibu zima kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikujisikia. Nilikuwa nimekasirika tu. Nilichokuwa nikikiogopa hakikuwa nyumba. Nilikuwa nikiogopa Mama ataanza safari ya kurudi kabla ya muda, na akirudi nani atakaa na mtoto, na nisipopata wa kukaa naye itabidi nimrudishe mwanangu, nibaki tena peke yangu na sahani za baridi. Kwa hiyo kila aliposema neno juu ya nyumba, mimi nilisikia neno juu ya tiketi.

Basi akaanza kutafuta namna yake. Alfajiri, kabla sijaamka, alifungua yale madirisha mawili ya jikoni na sebuleni, akaondoa taulo mlangoni, akaiacha nyumba wazi kwa nusu saa, akiwa amejifunika blanketi na mtoto kifuani. Mimi nikiamka naikuta nyumba baridi, nafunga, nanung'unika, yeye hajibu. Mchana nikiwa kazini najua alifungua tena. Mtoto akapata mafua, nikampeleka kwa daktari, daktari akasikiliza kifua akasema ni mafua ya kawaida, akaongeza kama wanavyoongeza wote, "Mkinge na baridi." Hayo maneno matatu niliyabeba hadi nyumbani nikiwa nimeshinda kesi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Niliamka kichwa kinapasuka, nikakuta dirisha la jikoni liko wazi kabisa, kuna ukungu wa baridi mezani, na mtoto anakohoa. Mori ukanipanda. Nasikia bado sauti yangu.

"Mama, unataka kuniulia mtoto?"

"Nataka apumue."

"Daktari amesema nini? Amesema nini, Mama? Mimi nakwenda kusimama siku nzima kwa ajili yenu, wewe unafungua madirisha! Hili si banda la kuni. Hii ni nyumba yangu. Kama unataka madirisha wazi, rudi kwako ukafungue ya kwako."

Mtoto alitutazama mmoja mmoja. Mama alifunga dirisha, akashusha kile kikomeo taratibu, akageuka. Maisha yangu yote ameniita mwanangu, au mama, au, nikimkasirisha sana, we mtoto. Siku hiyo alisema, "Sawa, mwalimu."

Nilipaswa kumwomba radhi. Nilivaa koti. Nikiwa mlangoni nikamwambia, bila kumtazama, kwamba mashuka yote ya mtoto yafuliwe leo, na ya kwangu pia, kwa maji ya moto sana, yaue hivyo vidudu vya mafua. "Na taulo chini ya mlango," nikasema. Akaitikia. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilisikia akiliburuta nyuma yangu, akilipachika vizuri.

Shuleni nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, halafu nafasi. Nilikaa chumba cha walimu na rundo la majaribio thelathini na nane ya kidato cha tatu. Swali la nne nililitunga mimi, nililitoa kwenye madaftari yangu ya nyumbani: eleza kwa nini ni hatari kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Alama nne. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na hoja nne: mkaa unaungua bila oksijeni ya kutosha, inatoka kaboni monoksidi, gesi hiyo haina rangi wala harufu, inazuia damu kubeba oksijeni. Mtoto akizitaja anapata, asipozitaja hapati. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusahihisha, na usahihishaji wangu hakuna anayeulalamikia.

Kuna mwanafunzi mmoja niliyempa jina la Risala, kimoyomoyo, kwa sababu hawezi kujibu kwa mstari mmoja. Umuulize chumvi ni nini, atakuhutubia. Nilipofika kwake nikashusha pumzi. Alikuwa ameandika hivi:

"Watu wa nyumba hiyo hawajui kama kuna hatari. Wanaanza kuumwa kichwa. Wanagombana kwa mambo madogo. Mtoto mdogo analala sana na watu wanasema ametulia. Wakienda nje wanapona, wakirudi wanaumwa tena, lakini hakuna anayeilaumu nyumba kwa sababu ni nzuri na ina joto. Moto unakuwa wa manjano. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu."

Hakukuwa na hata hoja moja ya mwongozo. Nikaandika sifuri, nikaizungushia duara, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: JIBU SWALI. Nikafunua karatasi iliyofuata. Hiyo ilikuwa ya msichana hodari wa darasa, hoja zote nne zimepangwa kwa namba. Vema, vema, vema, vema. Kalamu ilikuwa bado kwenye vema ya nne, pale kwenye damu na oksijeni, niliporudi nyuma ukurasa mmoja kuangalia kitu ambacho sikukijua ni nini. Nikasoma tena. Ametulia. Manjano. Nikasoma mstari wa mwisho, nikainuka.

Nilipiga simu nyumbani. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Nikatafuta namba ya jirani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekaa mtaa ule miezi mitatu na sina namba ya mtu hata mmoja. Jirani wa chini nilikuwa nikimsalimia kwa kichwa tu. Mwalimu wa historia aliniuliza kuna nini, sikumjibu, niliacha koti, niliacha mkoba, mguu niponye. Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Sijui nilitumia ngapi. Najua nilikuwa nikisema kwa sauti, barabarani, mbele za watu, "Fungua, Mama. Nakuomba leo usinisikilize. Fungua." Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa tumaini langu lote, kwamba mama yangu ana kichwa kigumu, kwamba nikishatoka tu anafungua kama siku zote.

Nilifika nikatazama juu kutoka barabarani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Vioo vilikuwa vyeupe kwa mvuke.

Mlango ulikuwa mzito kusukuma kwa ajili ya taulo. Joto lilinipiga usoni, na nilisikia bomba likitiririka na hita ikinguruma. Mama alikuwa amekaa chini sakafuni jikoni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, povu la sabuni bado liko mikononi. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kalenda, na tarehe ya leo ilikuwa imekatwa. Kwenye kidirisha cha hita moto ulikuwa wa manjano kabisa. Nilifunga bomba. Nilivunja kioo cha dirisha kwa sufuria kwa sababu vidole vilikataa kufungua kikomeo. Mtoto nilimkuta chumbani, mlango wake umefungwa, amefunikwa hadi kidevuni, mlegevu lakini anapumua. Nilimtoa ngazini, nikapiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga, nikarudi nikamshika Mama chini ya makwapa nikamburuta. Jirani wa chini alipanda akiwa na soksi tu. Yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa, maana mimi simu nilikuwa nimeishika mkononi na nikawa natafuta simu yangu.

Ule mlango wa chumbani ndio uliomwokoa mtoto. Baada ya siku mbili za oksijeni alisimama kwenye kitanda cha hospitali akavua soksi na kuzitupa. Nililia hadi muuguzi akanitoa nje. Mama alilala siku sita.

Mwenye nyumba alikuja hospitali siku ya tatu na sweta lake lile lile. Nilijiandaa kupigana naye, nilimhitaji awe na kosa. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akauliza kitu kimoja tu, "Ile karatasi ya ukutani iko wapi?" Nikamwambia niliibandua. Akatikisa kichwa muda mrefu. Iliandikwa nini, nikamuuliza. Alikuwa anaijua kwa moyo, yeye ndiye aliyeiandika. "Usizibe hapa. Hewa ya hita."

Niliporudi kazini nilimwita Risala baada ya kipindi. Nilikuwa nimefuta sifuri nikampa alama zote nne. Alizitazama, akanitazama, akasema kwa adabu kwamba mwalimu amekosea, majibu yake hayamo kwenye mwongozo. Nikamuuliza kwao walikuwa wangapi. Akasema wanne, sasa watatu. Nilimwambia aende akacheze.

Mama aliamka siku ya saba, lakini hakurudi mzima. Daktari alinieleza kwa michoro ubongo ukikosa oksijeni unakuwaje, nami nikaitikia vizuri, maana yote nayajua. Anatembea, anakula, anavaa mwenyewe. Miaka ya zamani anayo, ya karibuni imetoboka toboka. Mtoto anamkumbuka, bado ni mke mwenzake. Mimi kuna siku ananijua na kuna siku ananisalimia kama mgeni wa heshima. Tulimrudisha kwake kabla miezi sita haijatimia, akakaa na dada yangu mkubwa, na mimi mkataba ukanirudisha huku.

Likizo iliyopita nilikwenda na mtoto kumwona. Kwetu ni joto, mchana ule hata kuku walikuwa wamelala kivulini. Nilimkuta ndani, nyumba imefungwa yote, jasho linamtiririka shingoni. Dada yangu alikuwa ameshaniambia kwenye simu, ila kusikia si kuona. Wanafungua, yeye anafunga. Wakimficha kikomeo anasimama na kushikilia dirisha kwa mikono. Binti yangu, sasa ana miaka mitatu, alikimbia akafungua moja ili aone nje, na Mama akamvuta nguo kwa upole.

"Funga, mke mwenzangu, funga. Mwalimu akija atatugombeza."

Nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Mama," nikasema, akaitikia marahaba ya mgeni. Nikamwambia mwalimu amenituma. Nikamwambia amesema madirisha yafunguliwe, yote, amesema alikosea.

Aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu anayedanganya bila kujua kudanganya.

"Humjui yule," alisema. "Yule amesoma."

Kisha akainama, akachukua taulo, akaanza kulikunja ili aliweke chini ya mlango.